Bundi kwenye kiota: safisha picha, usisafishe mti

Bundi akitaga kwenye dari, kwenye tundu la mwembe au kwenye mnara wa kanisa, siku hizi kitu cha kwanza kutoka mfukoni ni simu. Picha inapigwa, inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na kabla ya saa moja jioni habari imeenea. Mara nyingi picha yenyewe haisomeki. Tawi limepita mbele ya uso, nyuma kuna bati linalong'aa na kamba ya nguo, na katikati yapo macho mawili yanayowaka kama makaa. Anayeitazama haoni ndege, anaona mkosi. Asubuhi yake kuna mtu amechukua fimbo.

Makala haya ni kwa wasikilizaji wetu wa Kihonda, Mkundi na vijiji vya miteremko ya Uluguru ambao wana simu na wana bundi jirani. Tunaeleza namna ya kupata picha safi ya bundi aliye kwenye kiota, hasa namna ya kuondoa vurugu inayoonekana nyuma ya ndege, bila kumfukuza na bila kumwonyesha adui mahali alipo. Kamera ya bei kubwa haihitajiki.

Bundi wanaokaa nasi

Anayekutana na watu zaidi ni bundi wa ghalani. Uso wake ni mweupe wenye umbo la moyo, mgongo ni wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijivu, na sauti yake ni mkwaruzo mkali, kama mtu anayepasua kitambaa. Hajengi kiota cha vijiti. Hutaga juu ya dari, ghalani, kwenye tundu la mti mkubwa, au ndani ya kiota kikubwa kilichoachwa na ndege mwingine. Kwa kawaida mayai ni 4 mpaka 7. Jike huatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi, dume akimletea chakula. Kwa kuwa huanza kuatamia tangu yai la kwanza, makinda hawatoki siku moja. Mkubwa anaweza kuwa ameshaota manyoya wakati mdogo wake bado ana malaika meupe kama pamba. Hukaa kiotani kwa miezi miwili hivi kabla ya kuruka.

Kwenye mawe na makorongo yupo bundi mwenye madoadoa na vishungi viwili kichwani vinavyofanana na masikio. Huyu hutaga chini kabisa, kwenye kishimo kati ya mawe au mizizi. Babewatoto ndiye mkubwa kuliko wote, na kope zake zina rangi ya waridi. Hutumia viota vikubwa vya vijiti vilivyojengwa na ndege wengine. Yupo pia bundi mdogo sana, kiasi cha kukaa kwenye kiganja cha mkono, anayelia usiku kwa mlio mmoja mfupi kila baada ya sekunde chache. Mchana hulala akiwa ameegemea shina, na rangi yake ni ileile ya gome.

Ukipanda Uluguru hadi msituni yupo bundi wa misitu, anayetaga kwenye matundu ya miti. Na ndani kabisa ameonekana bundi mkubwa wa Usambara, anayejulikana kutoka misitu ya milima ya Tanzania tu. Huyo hata wataalamu humwona kwa nadra.

Kwa nini kiota hiki ni mali ya mkulima

Lugha yetu imemhukumu bundi muda mrefu. Magazeti ya michezo yakitaka kusema timu imepata balaa, huandika kwamba bundi ametua klabuni. Akilia juu ya paa, wengi husubiri msiba. Kwa hofu hiyo bundi wengi huuawa wakiwa kiotani, pamoja na makinda, kwa mawe, moto au maji ya moto.

Upande wa pili wa hesabu ni panya. Wataalamu wa kilimo wamekadiria kwamba panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka, na mwaka wa mlipuko hali huwa mbaya kuliko hapo. Panya shamba, yule anayefukua mbegu usiku uleule ulizozipanda, anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa uzao mmoja. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, hapa Morogoro, kimemchunguza panya huyu kwa miongo kadhaa. Kwenye mashamba ya mahindi ya mkoa huu watafiti waliwahi hata kusimika nguzo za kutua na masanduku ya viota, ili kuona ndege wawindaji watapunguza panya kwa kiasi gani.

Bundi peke yake hamalizi panya, kwa sababu panya huzaa haraka mno. Lakini bundi wa ghalani mzima hula panya wadogo watatu au wanne kwa usiku mmoja, na akiwa na makinda huwinda zaidi ya hapo. Familia moja inaweza kula panya zaidi ya 1,000 kwa mwaka bila kulipwa senti. Nchini Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwawekea bundi masanduku ya kutagia kwa sababu hiyo. Wakulima wa Israel na Jordan, nchi zilizowahi kupigana vita, wameshirikiana katika mradi wa bundi kwa kuwa ndege hajui mpaka.

Hapa ndipo picha inapokuwa na kazi. Mzee aliyekulia kwenye imani ya mkosi habadiliki kwa kuhubiriwa. Akiona picha safi ya bundi amebeba panya mdomoni, akiingia kwenye dari ya jirani yake, ana jambo la kufikiria. Picha iliyojaa matawi, mabati na macho yanayowaka inathibitisha tu kile alichokuwa akikihofia.

Kwa nini nyuma ya ndege huharibika

Kamera ya simu ina lenzi ndogo sana. Lenzi ndogo huona karibu vitu vyote vizuri kwa wakati mmoja: ndege, tawi lililo mbele yake, ukuta ulio nyuma, na ndoo ya bluu iliyo mbali zaidi. Jicho lako linamtafuta bundi na kusahau ndoo. Simu haisahau kitu. Wenye kamera kubwa zenye lenzi ndefu huweza kumwacha ndege akiwa safi na kila kilicho nyuma yake kikififia kama ukungu. Mwenye simu lazima achague mwenyewe kitakachokaa nyuma.

Jambo la pili ni rangi. Bundi ameumbwa afanane na gome, majani makavu na kivuli. Akiwa mbele ya gome, picha inammeza. Kwa hiyo unatafuta nyuma yenye mambo mawili: isiwe na vitu vingi, na iwe na mwanga tofauti na ule ulio juu ya ndege.

Panga si dawa

Wengi wakiona tawi limeziba, hulikata. Wengine hupunguza majani yote yanayozunguka kiota ili picha itoke vizuri. Hili ni kosa linaloweza kuua kiota.

Majani yale ni mwavuli. Makinda wadogo hawawezi kupunguza joto la mwili wao vizuri, na jua la saa saba mchana likiwaangukia moja kwa moja wanaweza kufa siku hiyohiyo. Majani yale pia ni pazia. Kunguru huzunguka mitaani siku nzima wakitafuta mayai na makinda, na mwewe vilevile. Tundu lililofichika wiki iliyopita sasa linaonekana kutoka angani na kutoka barabarani.

Wapo wanaoona kamba ni afadhali: unavuta tawi pembeni, unalifunga, unapiga picha, kisha unalifungua. Mti unapona, lakini umefika kiotani mara mbili, na harufu na njia yako vimebaki kwenye nyasi. Ngedere, paka na watoto hufuata njia hiyo. Kila kilicho karibu na kiota kiache kama ulivyokikuta, na usogee wewe.

Hatua mbili kushoto, hatua mbili kulia

Simama mbali, angalau hatua 30 kutoka kwenye kiota, na kama ni mti ulio wazi ongeza umbali. Kabla ya kupiga picha yoyote, tembea taratibu kwa nusu duara ukiushika umbali uleule. Usimtazame bundi. Tazama kilicho nyuma yake. Utashangaa jinsi hatua mbili tu zinavyoweza kulificha bati nyuma ya shina, au kulitoa tawi mbele ya uso.

Kisha badilisha kimo. Ukichuchumaa, nyuma ya ndege inaweza kuwa mbingu badala ya ukuta. Ukisimama juu ya kichuguu, inaweza kuwa shamba badala ya mbingu.

Tafuta nyuma iliyo mbali. Majani yaliyo mita moja nyuma ya bundi yataonekana kila moja kwenye picha. Mlima ulio kilomita kadhaa nyuma yake unageuka ukuta mmoja wa rangi moja. Watu wa Kihonda wana bahati: Uluguru iko upande wa kusini, na asubuhi yenye ukungu mwepesi inakuwa pazia la bluu ambalo studio ya mjini ingelipia. Simama kaskazini ya mti, elekea mlimani, na nusu ya kazi imekwisha.

Mbingu nyeupe ya saa sita mchana ni nyuma mbaya, kwa sababu simu huhangaika na mwanga mkali na kumfanya ndege kuwa kivuli cheusi. Kama huna njia nyingine, gusa kioo juu ya ndege, subiri alama ndogo ya jua itokee, kisha ipandishe kwa kidole mpaka manyoya yaonekane.

Nyuma yenye giza huwa rafiki. Bundi aliyekaa mdomoni mwa tundu ana giza la tundu nyuma yake tayari. Jua la asubuhi likimpiga usoni, gusa kioo juu yake na uishushe ile alama ya jua kidogo. Tundu litakuwa jeusi kabisa, vijiti na utando wa buibui vitapotea, na uso utabaki peke yake.

Kuvuta kwa simu, na darubini

Ukivuta picha kwa vidole viwili kupita uwezo wa lenzi, simu haisogei karibu. Inapanua tu kile ilichokwisha kuona, na ndege anakuwa kama ametengenezwa kwa vitofali. Simu yenye lenzi ya pili ya mbali husaidia mpaka pale lenzi hiyo inapoishia, kwa kawaida mara mbili, tatu au tano.

Ukipata darubini ya kuazima, hata ya zamani, una lenzi ndefu. Iegemeze kwenye panda ya mti au juu ya mfuko wa mchanga, ielekeze kwa ndege, kisha weka kamera ya simu kwenye kioo cha kutazamia. Sogeza simu polepole mpaka duara jeusi lipungue. Faida yake haiishii kwenye ukubwa wa ndege. Darubini hufanya kama lenzi ndefu za wapiga picha: hupunguza eneo linaloonekana, hivyo vitu vingi vya nyuma hutoka nje ya picha, na vilivyobaki hufifia.

Simu nyingi zina sehemu iliyoandikwa Portrait, inayofifisha nyuma yenyewe. Itumie kwa tahadhari. Simu inakisia ndege anaishia wapi, na ilifundishwa zaidi nyuso za watu. Mara nyingi hukata vishungi vya kichwani au kufifisha bawa. Piga picha ya kawaida kwanza, kisha hiyo.

Kwenye ghala na kwenye dari

Hapa watu hupanda ngazi, huchungulia na kuwasha tochi. Usifanye hivyo. Jike anayeatamia akishtuka anaweza kuyaacha mayai moja kwa moja, na makinda wakitishwa wanaweza kurudi nyuma mpaka kuanguka. Tena bundi ana kucha. Mwaka 1937 huko Wales, mpiga picha mashuhuri wa ndege wa Uingereza, Eric Hosking, alishambuliwa na bundi usiku karibu na kiota alichokuwa akikipiga picha, akapoteza jicho la kushoto. Aliendelea na kazi yake miaka mingi baadaye akiwa na jicho moja.

Picha bora ya bundi wa ghalani hupigwa nje, kwenye tundu analoingilia. Kwanza jua ni tundu lipi: chini yake utaona madoa meupe ya kinyesi, na pengine madonge meusi ya manyoya na mifupa ambayo bundi huyatapika baada ya kula. Vunja donge moja kwa kijiti. Mafuvu madogo ya panya yaliyomo ni ushahidi wa kutosha kwa jirani asiyeamini.

Saa kumi na mbili jioni, mwanga ukiwa bado upo, iweke simu juu ya kigoda au panda ya mti iliyochimbiwa, ielekee tundu, mbali kiasi cha kutomsumbua. Panga nyuma mapema: ukuta mtupu ni bora kuliko paa na nyaya. Zima sauti ya kamera. Chomeka spika za masikioni zenye waya, kwa sababu kwenye simu nyingi kitufe cha sauti cha waya huo hupiga picha bila kugusa simu. Au acha simu irekodi video, kisha uchague picha moja kutoka ndani ya video. Bundi akipita na panya ni sekunde moja tu, na video haimkosi kama kidole kinavyomkosa.

Tochi na mwanga wa kamera

Zima mwanga wa kamera kabla hujatoka nyumbani. Jicho la bundi limeumbwa kukusanya mwanga mdogo kabisa, na mwanga wa ghafla humpumbaza wakati ambao anatakiwa kuwinda au kukwepa nyaya. Kuna sababu nyingine pia. Mwanga ule hurudi kutoka nyuma ya jicho lake, ndiyo maana picha hutoka na macho mekundu yanayowaka. Picha hiyo ndiyo inayozunguka mitaani ikiitwa mchawi. Mwanga wa jioni haufanyi hivyo.

Usimwite bundi kwa sauti za kwenye simu pia. Akidhani kuna bundi mwingine amevamia, ataacha kiota kwenda kupigana na spika.

Dalili za kuondoka

Bundi aliyetulia hufumba macho nusu na kusinzia. Akifungua macho yote na kukukazia, umemsogelea. Akijinyoosha mwembamba kama kijiti, akasimamisha vishungi au kugongesha mdomo, rudi nyuma taratibu. Akiruka mchana, ondoka kabisa, kwa sababu kunguru watamzonga na mayai yatabaki wazi. Kwa siku za kawaida, dakika 10 zinatosha, mtu mmoja au wawili, na si kila siku.

Ukimkuta kinda chini, usimpeleke nyumbani ukampige picha juu ya meza. Wengi wao wako kwenye mazoezi ya kuruka na wazazi wanajua walipo. Kama yupo barabarani au mbwa wako karibu, mfunike kwa kitambaa kizito na umweke juu ya tawi la jirani. Si kweli kwamba mzazi humkataa kinda kwa sababu ameguswa na mtu.

Kusafisha baada ya kupiga

Kazi iliyobaki ifanye kwenye simu. Programu ya bure kama Snapseed inatosha. Anza na kukata: punguza pembeni mpaka ndoo, nguzo na kamba vitoke. Kisha tumia brashi ya mwanga kupaka giza kidogo sehemu za nyuma zinazong'aa, maana jicho hukimbilia penye mwanga. Tumia brashi ya rangi kufifisha plastiki nyekundu au bluu ambazo hukuweza kuzikwepa. Ukiongeza giza mno, ndege ataonekana amekatwa na kubandikwa, kwa hiyo nenda kidogokidogo.

Usiweke mbingu au msitu ambao haukuwepo. Na hifadhi picha ya awali ambayo haijaguswa. Ukitaka kumwonyesha mtaalamu wa SUA au kuituma kwenye rekodi za ndege za nchi, ataitaka hiyo.

Nyuma ya picha inaweza kumsaliti

Sasa lipo jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifikirii. Ile nyuma uliyohangaika nayo inaweza kumwambia mtu bundi yupo wapi. Mnara wa simu, paa la shule, bango la duka, mwembe wenye bomba la maji: mtu wa mtaa huo akitazama mara moja anajua. Wapo watakaokuja kwa hofu na mawe, na wapo wanaotafuta viungo vya bundi kwa ajili ya uganga.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, jiulize: jirani asiyempenda ndege huyu anaweza kupatambua? Kama jibu ni ndiyo, kata zaidi au chagua picha nyingine. Fungua setingi za kamera na uzime kuhifadhi mahali, kwa sababu picha hubeba ramani ndani yake. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ramani hiyo huondolewa, lakini ukituma kama dokumenti inabaki. Andika "Morogoro" na uishie hapo. Na subiri makinda waruke ndipo uweke kwenye stetasi. Picha haiozi.

Sheria na ruhusa

Bundi ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata au kumuua mnyamapori bila kibali ni kosa. Ukiona watu wanauza bundi au makinda, taarifa hupelekwa kwa TAWA, ambayo makao yake makuu yapo hapa Morogoro, au kwa ofisa wa wanyamapori wa halmashauri. Kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hata kama unabeba simu tu. Na kama kiota kipo kwa jirani, mwombe mwenye nyumba kwanza. Mwenye nyumba anayejua unafanya nini ndiye mlinzi wa kwanza wa kiota.

Huko Kenya ya kati, upande wa Nyeri, bundi wakubwa wa mlimani huishi kwenye makorongo katikati ya mashamba ya watu, na wapo wageni waliolipia kuonyeshwa. Mkulima anayepata kitu kutokana na bundi aliye hai hana haraka ya kumrushia jiwe. Kinachofanya mpango huo uwezekane ni kwamba bundi wanabaki palepale mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hawasumbuliwi.

Neno la mwisho ni kuhusu sumu. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzunguka akiwa amelegea, na bundi humkamata kwa urahisi kuliko wengine. Sumu nyingi za panya zinazozuia damu kuganda hupita kwa aliyemla. Kama una kiota dari kwako au kwa jirani, zungumzeni kabla ya kuweka sumu, na tumieni mitego ya kunasa mpaka makinda waruke. Picha ya bundi amebeba panya, iliyopigwa kutoka hatua 30 na yenye ukuta mtupu nyuma yake, ndiyo unayoweza kwenda nayo kwenye mazungumzo hayo.